JavaScript si mtoto wa Java

Niliwahi kuandika gazetini kwamba JavaScript ni tawi la Java. Msomaji mmoja akaniandikia kuwa nimepotosha watu. Niliudhika, nikaenda kusoma ili nimjibu. Kumbe alikuwa sahihi! Basi leo nasahihisha, maana wengi tumelishwa hadithi hiyohiyo.

Turudi mwaka 1995. Netscape ya Marekani, kampuni iliyotamba kwa kivinjari chake, ilimwajiri Brendan Eich. Mwenyewe alitaka kuleta Scheme, lugha ya wasomi wa kompyuta, ndani ya kivinjari. Wakubwa wakamwambia lugha yake ifanane na Java, kwani walikuwa wameshirikiana na Sun, wenye Java. Mwezi Mei akaunda toleo la majaribio kwa siku 10. Liliitwa Mocha, kisha LiveScript, na Desemba mwaka huohuo likapewa jina la JavaScript. Jina lilikuwa la kibiashara, kwa sababu Java ndiyo iliyokuwa habari ya mjini. Ufanano wao ni wa vazi la nje. Kwa ndani, Eich alichota mawazo ya Scheme na ya lugha nyingine iitwayo Self.

Uzushi wa pili ni kwamba kasoro zake zote zinatokana na zile siku 10. Si kweli. Ile tabia ya kuihesabu Januari kuwa mwezi wa 0 ilinakiliwa kutoka Java yenyewe, pamoja na kuhesabu miaka kuanzia 1900. Ndiyo maana mwaka 2000 ulipoingia, baadhi ya tovuti ziliandika 19100! Na alama ya == kukubali kwamba namba 1 na maandishi "1" ni sawa? Hilo liliongezwa baada ya siku 10, kwa maombi ya watumiaji wa mwanzo.

Kwa nini hayakufutwa? Kwa sababu kurasa za watu zilikuwa zimeshayategemea. Kanuni rasmi zilipotoka mwaka 1997, kurekebisha kungevunja tovuti zilizokwishajengwa.

Siku 10 ni kichwa cha habari kitamu, na sisi waandishi tunavipenda vya namna hiyo. Lakini kinamtwika mtu mmoja mzigo wa wakubwa waliotaka jina na watumiaji waliotaka urahisi. Nawe unayejifunza lugha hii, usikatishwe tamaa na wanaoiita kazi ya kulipua.

Msomaji wangu, samahani na ahsante.