Kazi ya Saisi

Ukiwaambia watu wa Kinampanda kwamba unataka kula kwa kazi ya mbwa na farasi, watacheka, na kicheko chao kina historia. Mbwa wanamjua: analinda nyumba, anafuatana na wachungaji, anapewa makombo ya ugali, na jina lake ni tusi la haraka mtu akikasirika. Farasi wanamjua kwenye picha. Mimi nimekulia huku Iramba nikiwapenda wote wawili, mmoja kwa kumshika na mwingine kwa kumsoma, na lile swali la "hiyo nayo ni kazi?" nimeshalizoea. Jibu lake nimeenda kulitafuta kwenye historia.

Tuanze na maneno yenyewe. Mbwa ni neno letu la Kibantu, la zamani sana. Farasi ni neno la Kiarabu, lililofika pwani pamoja na mnyama wake. Na kamusi za zamani za Kiswahili zina neno la tatu ambalo siku hizi hulisikii: saisi, yaani mtunza farasi. Nalo limetoka Uarabuni. Kwa hiyo kazi ninayoulizwa kama ipo, ilishakuwa na jina kabla babu zetu hawajazaliwa.

Ilikuwapo Zanzibar. Emily Ruete, yule Salma binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, na humo anaeleza jinsi watoto wa jumba la kifalme walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo. Kabla ya hapo, Aprili 1840, meli ya Sultana ilitia nanga New York ikitoka Zanzibar, na kati ya zawadi za Sayyid Said kwa rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Nahodha wake, Ahmad bin Naaman, alichorwa picha kulekule na mchoraji Edward Mooney, na sura yake tunayo hadi leo. Sasa fikiria: farasi wawili ndani ya jahazi, zaidi ya miezi miwili baharini. Wanataka maji, majani, na mtu wa kuwatuliza mawimbi yakichafuka. Nahodha akabaki kwenye picha. Saisi akabaki kwenye kamusi.

Bara mambo yalikuwa mengine. Huku farasi hakukosekana kwa sababu watu wetu hawakumtaka. Alizuiwa na wadudu. Mbung'o humwambukiza nagana, na mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, ndiye aliyegundua kijidudu kinachosababisha ugonjwa huo. Halafu kuna visubi, vile vidudu vidogo vya usiku, ambavyo hueneza maradhi mengine yanayoua farasi kwa siku chache. Mtu wa bara angeweza kumpenda farasi kwa moyo wote, lakini angeishia kumzika.

Wapo waliojaribu kwa nguvu ya jeshi. Aprili 1916, katika vita kuu ya kwanza, askari wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walishuka kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi wakiwa juu ya farasi. Kondoa si mbali na huku kwetu. Ilikuwa masika, njia ni tope tupu, na farasi wakafa kwa mamia. Waliofika, walifika hoi. Jeshi lililokuja likikimbia likakwama hapo.

Na farasi alipokufa, mzigo haukufa naye. Ulihamia kichwani kwa mtu. Waafrika wengi sana, wengine kwa kushikwa tu vijijini, walifanywa wapagazi wa vita ile, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukakigeuza Kariakoo, na leo tunanunua vitenge na simu juu ya jina hilo bila kuwaza. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba kushughulika na wanyama ni mchezo wa watoto wa matajiri. Katika nchi hii, pale mnyama aliposhindwa kuishi, binadamu aligeuzwa mnyama.

Kwetu Singida anayetubebea mzigo ni punda: maji, magunia, kuni. Asante yake ni mateke, tunasema, ila asante yetu kwake ni mbaya zaidi. Kwa miaka kadhaa ngozi yake imewindwa Afrika nzima ili itengenezewe ejiao, dawa ya asili ya Kichina, mpaka Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda akiisha, ndoo zinarudi kichwani kwa akina mama. Historia ya Kariakoo inaweza kujirudia kimyakimya, kwenye njia ya kisimani.

Basi, kazi ipo? Ipo. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi. Mbwa wa kunusa pembe za ndovu wamefanya kazi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kuna kichaa cha mbwa, kinachoua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100 unakata mnyororo wake. Hao mbwa hawajichanji. Anatakiwa bwana mifugo anayejua kumshika mbwa bila kumtisha, na huo ujuzi huanza na mapenzi. Njia ya kwenda huko inapita Mpwapwa kwenye chuo cha mifugo, au Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shahada ya udaktari wa mifugo ni miaka mitano.

Kijana wa Kinampanda anayetaka njia hiyo asisubiri farasi. Aanze na mbwa wa jirani ambaye hajachanjwa, na punda mwenye kidonda mgongoni. Watu watacheka bado. Lakini akiulizwa anafanya kazi gani, neno lipo kwenye kamusi, na halijapata mwenyewe kwa muda mrefu.