Wiki za Kuhesabu: Mja Mzito na Kazi Mpya Kanada

Ijumaa moja ya Februari, baada ya kikao cha klabu, tulibaki watano mezani tukimalizia chai. Dada mmoja kati yetu akatoa habari mbili kwa mpigo: ana mimba ya miezi minne, na amepata kazi ya kudumu katikati ya jiji la Toronto, aanze Jumatatu inayofuata. Je, aikubali, au abaki kwenye kibarua chake cha zamani ambako msimamizi anamjua? Hatukuwa na jibu. Tulipokwenda kutafuta, tuligundua kwamba swali lake lina historia ndefu katika nchi hii.

Mwaka 1971, Bunge la Kanada liliingiza mafao ya uzazi katika bima ya kukosa kazi. Mama alilipwa kwa wiki 15. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuja na mtego. Mbali na masharti ya kawaida, mama alitakiwa awe amefanya kazi angalau wiki 10 ndani ya kipindi cha kati ya wiki ya 50 na ya 30 kabla ya tarehe ya kujifungua. Kwa maneno mengine, mimba imkute tayari yuko kazini. Sheria ilimshuku mwanamke kwamba angeshika mimba kwanza, kisha atafute kazi kwa ajili ya mafao tu. Dada yetu, kama kabla ya hapo hakuwa na kazi, angekosa.

Aliyenaswa na mtego huo ni Stella Bliss wa British Columbia. Alipoteza kazi mwaka 1976 kwa sababu ya ujauzito. Hakutimiza sharti la wiki 10, kwa hiyo baada ya kujifungua aliomba mafao ya kawaida ya mtu asiye na kazi, ambayo wiki zake zilimtosha. Akanyimwa, kwa kuwa sheria ilimfungia mama mafao hayo katika wiki za karibu na uzazi. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Kanada ilimkatalia. Ilisema hakubaguliwa kwa kuwa ni mwanamke, bali kwa kuwa ni mja mzito. Na kama kuna tofauti, imeletwa na maumbile, si na sheria.

Wanawake wengi hawakukubali hoja hiyo. Mwaka 1983 Bunge liliondoa sharti la wiki 10. Mwaka 1989, katika kesi ya Susan Brooks na wenzake wa Manitoba dhidi ya Canada Safeway, Mahakama ya Juu iligeuza msimamo wake na kutamka kwamba kumbagua mja mzito ni kumbagua mwanamke.

Hata hivyo, kuhesabu hakujaisha. Leo Ontario kuna hesabu mbili, na wengi wetu tulikuwa tukizichanganya. Ya kwanza ni ya likizo: mama hupata hadi wiki 17 na haki ya kurudi kazini, mradi awe ameajiriwa angalau wiki 13 kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua. Ya pili ni ya fedha, nayo ni ya serikali kuu: saa 600 za kazi yenye bima ndani ya wiki 52. Saa hizo si lazima zitoke kwa mwajiri mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Za kibarua cha zamani zinajumlishwa na za kazi mpya.

Usiku ule dada alimpigia simu shangazi yake Mombasa, aliyekuwa karani wa kampuni miaka ya themanini. Shangazi akamkumbusha sheria ya Kenya ya 1976: miezi miwili yenye mshahara, lakini likizo yako ya mwaka huo imekwenda. Sheria ya 2007 ndiyo iliyoleta miezi mitatu na kuirudisha likizo ya mwaka. "Sisi tulichagua mtoto au kupumzika," alisema. "Wewe, mwanangu, hesabu vizuri kabla hujakataa."

Tukafungua kalenda. Kutoka Jumatatu ile hadi tarehe ya daktari zilikuwa wiki 22, tisa zaidi ya zinazotakiwa. Saa za kibarua zilikuwepo, na za kazi mpya zingeongezeka. Zaidi ya hayo, Sheria ya Haki za Binadamu ya Ontario inamkataza mwajiri kumtendea vibaya kwa sababu ya ujauzito.

Jumatatu alikwenda kuanza kazi. Habari ya mimba alimwambia bosi wake mwenyewe, siku aliyoichagua yeye.