Msitu Huu ni wa Nani?

Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Mfalme Leopold II, uliojiita Dola Huru ya Kongo, ulitangaza kwamba nchi zote zisizo na mwenyewe ni mali ya serikali. Maneno machache tu, na msomaji wa haraka aweza kuyapita asione ubaya wowote. Lakini waulizeni wazee wa vijiji: ni wapi katika Kongo palipo na nchi isiyo na mwenyewe? Shamba lililopumzishwa lina ukoo wake. Mto una watega samaki wake. Hata msitu mkubwa, ambao mgeni huona miti mitupu, una mipaka yake, na mwindaji akimwua mnyama ng'ambo ya mpaka, yuko mtu wa kupewa paja. Serikali ile ilihesabu kuwa ni mali ya wenyeji pale tu penye nyumba na shamba linalolimwa. Kisha, Septemba 1891, amri nyingine ilitolewa bila kutangazwa gazetini: makamishna wa Aruwimi-Uele na Ubangi wahakikishe pembe za ndovu na mpira vinakuwa vya serikali.

Basi tazameni matokeo yake. Mtu aliyegema mpira katika msitu wa babu zake na kumwuzia mfanya biashara alihesabiwa mwizi. Tena alidaiwa kodi, na kodi yenyewe ilikuwa mpira uleule. Kompani ya ABIR ilipewa nchi za mito Lopori na Maringa, na kompani ya Anversoise ilipewa Mongala. Kikapu kisipojaa, wanawake walifungwa mpaka waume zao walete mzigo; kiboko kilipiga kazi; askari walidaiwa hesabu ya kila risasi, na mikono ya watu ilikatwa ili kuitimiza hesabu hiyo. Na msitu nao uliteswa. Mpira ulitoka katika mitambaa ya mwituni, na mtu aliyeogopa kiboko hakuwa na saa ya kugema taratibu: aliikata mitambaa yenyewe. Mwaka 1906 ABIR iliirudishia serikali nchi yake, maana mpira ulikuwa umekwisha.

Waliopiga kelele kwanza walikuwa watu wa namna nyingi. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alimwandikia mfalme barua ya wazi mwaka 1890 kutoka Stanley Falls, mji tunaouita leo Kisangani. Bwana Morel, karani wa kompani ya meli, aliona katika vitabu vya hesabu kwamba meli zilileta mpira mwingi Ulaya na kurudi Kongo zikiwa na bunduki na risasi. Akafahamu kwamba hapo hapana biashara. Konsuli Casement alipanda mto mwaka 1903, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1904. Tuseme ukweli pia juu ya wamisionari: walioshuhudia kwa sauti kubwa walikuwa Waprotestanti. Wakatoliki wengi, ambao walikuwa Wabelgiji kama mfalme, walinyamaza.

Mfalme alilazimika kutuma tume ya waamuzi watatu: Janssens, Mbelgiji, Nisco, Mwitalia, na de Schumacher, Mswisi. Wakafika Boma Oktoba 1904, wakapanda mto kuwasikiliza watu. Huko Baringa akaja mbele yao Sultani Lontulu wa Bolima, mtu aliyekwisha kupigwa kiboko na kufungwa minyororo. Hakuleta karatasi. Alileta vijiti 110, akaviweka juu ya meza, kila kijiti mtu mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawanya mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akataja majina ya wafu, kijiti kwa kijiti. Hesabu safi kama hiyo haikutoka katika ofisi yoyote ya Boma.

Taarifa ya tume ikatoka Novemba 1905, lakini maneno ya mashahidi hayakupigwa chapa. Yalifungiwa Brussels, na watu hawakuruhusiwa kuyasoma kwa uhuru mpaka miaka ya 1980. Hata hivyo waamuzi waliugusa mzizi. Walisema kwamba sheria ya nchi zisizo na mwenyewe ikishikwa kwa ukali, mwenyeji hawezi kufanya kitu nje ya shamba lake. Waliyalaumu pia mashamba ya misioni ya Wajezuiti, na Wajezuiti wakajitetea.

Jambo la kustaajabisha ni hili: katika shirika hilohilo alitoka mtu wa kulichambua jambo lote. Padri Arthur Vermeersch alikuwa mwalimu wa maadili na sheria ya Kanisa kwa Wajezuiti wa Louvain. Mwaka 1906, ambapo Félicien Cattier wa chuo kikuu cha Brussels alizichunguza fedha za mfalme, Padri Vermeersch naye alitoa kitabu chake juu ya mambo ya Kongo. Yeye alipima kwa mizani ya haki: serikali inatawala kwa faida ya nani? Kitabu chake kiliwafungua macho Wakatoliki wengi wa Ubelgiji, watu ambao mpaka hapo waliyadhania mashtaka yote kuwa hila za Waingereza. Cattier alisomwa na watu wa upande mwingine kabisa. Hivyo bungeni mfalme alikosa pa kujificha, na tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji.

Je, msitu ulirudi kwa wenyewe? Amri ya 3 Juni 1906 iliruhusu kijiji kipewe hata mara tatu ya nchi kilichokuwa kikiikaa na kuilima. Mara tatu ya kidogo ni kidogo bado. Koloni ikaendelea na desturi ileile ya nchi zisizo na mwenyewe, na kompani zikapata mashamba makubwa ya mawese. Miaka ya 1950 Padri Edmond Boelaert wa Ekwateri aliwaomba Wamongo waandike kwa lugha yao yale waliyoyasikia kwa wazee juu ya kuja kwa Wazungu, akaandika pia juu ya haki yao ya ardhi.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Sheria ya 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali, na kwamba haki za vijiji juu ya nchi zao zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka mingi ikapita bila ordonansi hiyo. Amri ya 2 Agosti 2014 ndiyo iliyofungua mlango kidogo: jamii ya kijiji yaweza kuomba ipewe msitu wake wa desturi, usiozidi hekta 50,000, na gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi. Lakini ombi hilo lataka ramani. Kwa hiyo leo wanasheria na mafundi wa misitu huenda vijijini na vyombo vyao, wakaandamana na wazee kando ya vijito na vilima, wakiandika jina la kila mpaka.