Barafu iliyochonga mabonde yetu, upande huu na ule

Wenzetu waliopelekwa Norwei wanatuma picha za vijiji vilivyobanwa kati ya mlima na bahari, maji yametulia kama ziwa. Watu wanauliza, nani alichimba vile? Ni barafu. Na kazi hiyo hiyo ilifanyika karibu na sisi, kwenye mlima Rwenzori. Tofauti ni kwamba kule bahari iliingia ndani ya bonde, huku kwetu bonde limebaki na mto.

Kama miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa baridi kuliko leo. Theluji ya Rwenzori ilirundikana mwaka juu ya mwaka, ikakazana kuwa barafu nzito, ikaanza kuteremka polepole ikiwa imebeba mawe. Yale mawe yalikwangua mlima kama msasa. Mto peke yake mlimani unachimba bonde jembamba. Lakini bonde la Mubuku, upande wa Kasese, ukipanda juu unakuta ni pana chini kama karai, na kuta zimesimama wima. Barafu ilishuka hadi karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ilipoyeyuka iliacha matuta marefu ya mawe na udongo, na ziwa dogo la Mahoma limekaa katikati ya matuta hayo.

Sasa tuje kwa watu. Bakonzo wa Uganda na Banande wa Kongo ni ndugu, lugha yao karibu ni moja. Theluji wanaiita nzururu, na ufalme wa Rwenzururu umepata jina hapo. Mwaka 1906 alikuja Mwitaliano wa ukoo wa kifalme, Luigi Amedeo. Mizigo yake ilibebwa na Waafrika, lakini vilele vilipewa majina ya malkia wa Ulaya: Margherita, chenye mita 5,109, na Alexandra. Mwaka 1910 wakoloni wakapitisha mpaka juu ya mlima huo huo.

Maji hayakuusikia huo mpaka. Ya upande wa Uganda yanaingia ziwa George, yanapita Kazinga hadi ziwa Edward, kisha mto Semuliki. Ya upande wa Kongo yanashuka kwa mto Butawu, nayo yanaingia Semuliki. Wote wanakutana pale, wanaelekea Nile.

Hiyo barafu inaisha. Mwaka 1906 ilikuwa kwenye milima sita ya Rwenzori. Kufika 2003 ilibaki kwenye mitatu tu, na yote pamoja haikufika kilomita moja ya mraba. Wengi wanasema mito itakauka. Watafiti walipima Mubuku wakakuta barafu inatoa chini ya asilimia 2 ya maji yake. Mto unalishwa na mvua na msitu. Kwa hiyo msitu ndio wa kulindwa. Na mvua ikizidi, bonde linaumiza: Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba za Kilembe.

Kinachopotea basi ni ushahidi wa historia yetu. Wazee waliotoka Beni na Mutwanga wako hapa hapa kambini, na waliiona nzururu ikiwa kubwa. Waulizeni ilifika wapi na waliiita vipi kila sehemu, mwandike kwa lugha yao, kabla kizazi cha nyuma yetu hakijabaki na majina ya malkia peke yake.