Mafua ya ndege kwa bata-mwitu

Mafua ya ndege kwa bata-mwitu ni maambukizi ya virusi vya influenza A kwa bata wa porini, ambao ni hifadhi ya asili ya virusi hivyo. Virusi huzaliana utumbuni, hutoka na kinyesi na kuenea majini, mara nyingi bila bata kuonyesha dalili.

Kinga: Bata ana jeni ya RIG-I, inayotambua virusi mapema; kuku hana. Bata akishaambukizwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, ila kinga hiyo hufifia na haizuii kikamilifu virusi vya aina nyingine. Bata wachanga huambukizwa zaidi. Aina kali za H5 zinaweza kuua hata bata.

Eneo: Mwaka 2017 aina kali ya H5N8 iliua ndege wa porini na wa kufugwa Uganda, kando ya Ziwa Victoria, kisha ikathibitishwa katika mkoa wa Ituri wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye Ziwa Albert.

Tahadhari: Ndege aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mikono mitupu wala kuliwa, na daktari wa mifugo apewe taarifa.