Kichwa Kikubwa: Jina Linalochelewa

Kwenye baraza la fundi cherehani mmoja hapa Miembeni, Bukoba, nilimkuta mama akirudisha kofia ya mtoto. Ilikuwa kofia nyeupe ya sufu, ya kufunika masikio, na alikuwa ameinunua majuma matatu tu nyuma. "Fundi, nipanulie, inambana," alisema. Fundi hakuishika ile kofia. Alivua futi shingoni, akaizungusha kichwani kwa mtoto, juu kidogo ya nyusi na masikio mpaka kisogo kinapochomoza, kisha akaitazama namba kwa muda.

"Arobaini na sita. Ana miezi mingapi, mama?"

"Minne."

"Kipimo hiki mimi nawashonea wanaotimiza mwaka."

Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri gauni lake akamtetea mtoto. "Mwacheni mjukuu wangu, kichwa kikubwa ni akili." Tukacheka. Fundi hakucheka. Alimwambia mama apite hospitali kabla ya kurudi nyumbani.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na yule mama sokoni. Mtoto alikuwa amepewa rufaa, akavushwa hadi Mwanza na kufanyiwa upasuaji. Nilimpa pole, akaniambia neno ambalo halijanitoka: "Kaka, huo ugonjwa wa kichwa kikubwa nilikuwa naujua. Nimewaona kwenye televisheni. Ila wa kwangu hakuwa kama wale."

Alikuwa anasema kweli. Jina alilijua, na jina hilohilo ndilo lililomtuliza. Wale wa kwenye televisheni ni watoto ambao kichwa kimeshawazidi mwili, hawawezi hata kukiinua. Mtoto wake alikuwa na kichwa kilichozidi kofia tu. Ndiyo maana nataka tulitazame jina hili kwa makini.

Madaktari huita hali hii haidrosefalasi. Neno hilo limetoka kwa Wagiriki, nao waliunganisha tu maji na kichwa. Anayesema "kichwa maji" kwa Kiswahili basi amesema kile alichosema Mgiriki, neno kwa neno. Lakini Kiswahili kilishalipa neno hilo kazi nyingine. Kichwa maji ni mtu asiyesikia la mkuu, asiye na mwelekeo, aliyepungukiwa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa hilihili letu, aliijua maana hiyo alipoiita riwaya yake ya mwaka 1974 Kichwamaji. Ndani yake yumo mtoto mwenye kichwa kikubwa, wamo pia vijana waliovurugikiwa na fikra, na neno moja likawabeba wote. Katika riwaya huo ni ufundi. Ukimtamkia mzazi mwenye mtoto mgonjwa mikononi, ni tusi, hata kama hukukusudia.

Kwa hiyo watu wengi Tanzania wamelikimbilia jina la pili: kichwa kikubwa, au vichwa vikubwa kwa wingi. Hata chama cha wazazi kinachofahamika kwa kifupi ASBAHT hujitambulisha kuwa cha watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa. Siwalaumu wazazi hao hata kidogo. Walihitaji jina ambalo mtu wa kijijini atalielewa bila mkalimani, na wamelipata. Wamewatoa watoto uvunguni, walikokuwa wakifichwa, na wamewafikisha hospitalini.

Hata hivyo, yatazame majina hayo mawili yakiwa yamekaa pamoja. Mgongo wazi ni istilahi nzuri mno. Mkunga anaiona hali hiyo siku mtoto anapozaliwa, na jina linasema kile anachokiona. Kichwa kikubwa halifanani na hilo. Mara nyingi siku ya kwanza kichwa ni cha kawaida, na hata mwezi wa pili mzazi anaweza asione kitu. Jina limechukua mahali ugonjwa unapoishia likapafanya ndipo unapoanzia. Anayelifuata jina atasubiri ukubwa uonekane kwa macho, na katika kusubiri huko ubongo unabanwa.

Si mara ya kwanza jina kumpeleka mgonjwa njia ndefu. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jinsi degedege, ambayo mara nyingi ni malaria kali iliyopanda kichwani, ilivyohusishwa na dege, ndege wa mashetani. Kwa kuwa jina lilielekeza kwa pepo, mtoto alianza kwa mganga, na hospitali ikaja baadaye.

Sasa tuingie ndani ya kichwa chenyewe. Katikati ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji meupe, maangavu kama ya chemchemi. Wataalamu wa lugha wameyaita kiowevu cha ubongo, wengine giligili. Nayaheshimu maneno hayo, lakini mbele ya mzazi neno maji linatosha, mradi ajue kwamba hayatokani na kile mama alichokunywa akiwa mjamzito. Ubongo unayatengeneza wenyewe. Kwa mtu mzima hutoka takriban nusu lita kila siku, na wakati wowote ule yaliyomo ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo yote hubadilishwa mara tatu na zaidi kwa siku. Hupita kutoka chumba hadi chumba kwa vijia vyembamba, yakauzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yakanywewa na damu.

Mtu wa Bukoba hahitaji mfano wa mbali. Mto Kanoni unakatiza mjini kuelekea ziwani. Takataka zikiziba kalavati, milimani maji hayajui. Yanaendelea kushuka kama jana, na wa kwanza kulowa ni wale waliojenga kandokando. Ndivyo ilivyo humo kichwani. Kijia kikiziba, au damu ikishindwa kuyanywa, chemchemi haikomi. Vyumba vinatanuka na kuusukuma ubongo kwenye mfupa. Kwa mtoto mchanga mifupa ya fuvu haijaungana, kwa hiyo inaachia nafasi na kichwa kinakua. Fuvu la mtu mkubwa haliachii, na shinikizo lote linaishia kwenye ubongo.

Ndiyo maana ninapendekeza tuseme maji kujaa ubongoni. Nilifikiria "ujazo wa maji", nikaliacha, kwa sababu ujazo shuleni ni kipimo cha nafasi, na mtu atauliza ni lita ngapi. Nimeliacha pia "uvimbe wa ubongo", maana hilo ni jambo jingine: pale nyama ya ubongo yenyewe huvimba, au huota kivimbe. Kujaa ni kitendo kinachoendelea. Kinamwambia mzazi kwamba jana yalikuwa machache, leo yameongezeka, kesho yatakuwa mengi zaidi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, ndilo lenye mamlaka ya kusanifisha istilahi. Mimi natoa hoja tu, nikiamini ina uzito.

Jina hilo likikubaliwa, dalili zinajipanga zenyewe, kwa kuwa kila moja ni alama ya maji yanayotafuta pa kwenda. Kwanza ni namba. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa cha sentimita 33 hadi 37 kwa mzunguko. Miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, miezi mitatu inayofuata sentimita 1, na baada ya hapo nusu sentimita, hadi kufikia sentimita 45 au 46 akitimiza mwaka. Kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha. Kuna koo zenye vichwa vikubwa na watoto wao wazima kabisa. Kinachotisha ni mwendo: kichwa kinachokimbia kuliko mwili.

Kisha uje utosi. Akina mama wengi wanajua utosi uliobonyea, kwa sababu wamefundishwa kuwa mtoto aliyeharisha amepungukiwa maji. Kinyume chake hakisemwi sana. Mkalishe mtoto wima, akiwa ametulia, halii, kisha upitishe kidole taratibu. Utosi uliojaa, ulionyanyuka na kukaza kama ngozi ya ngoma si wa kawaida. Tazama pia mishipa ya kichwani kama imechomoza na kung'aa chini ya ngozi iliyovutika, na mianya kati ya mifupa ya fuvu kama imeachana. Tazama macho. Yakiwa yanaelekea chini muda wote, weupe ukionekana juu ya mboni, mfano wa jua linapozama, usingoje kitu kingine. Dalili hiyo inaonyesha shinikizo limeshakuwa kubwa. Mtoto huyo anaweza kutapika bila kuharisha, kukataa ziwa, kulia kwa sauti nyembamba isiyobembelezeka, au kulala usingizi mzito ambao si wake. Wengine hupata degedege. Wengine walikuwa wameanza kukaza shingo, wakaacha.

Mtoto wa shule hana utosi wa kupapasa. Yeye huamka na kichwa kinachouma asubuhi, hutapika akapata nafuu, huona vitu viwiviwili, huyumba akitembea, na mwandiko wake huharibika. Mwalimu anaweza kumwita mvivu. Na kwa mzee jina la kichwa kikubwa linashindwa kabisa. Mwaka 1965 Salomón Hakim, daktari wa Colombia, aliandika juu ya wazee ambao maji yamejaa ubongoni na kichwa kiko vilevile. Hutembea kwa hatua fupi kama nyayo zimenasa sakafuni, husahau, na mkojo huwaponyoka. Nyumbani tunasema ni uzee. Baadhi yao, maji yakipunguzwa, hutembea tena vizuri.

Kuhusu chanzo, Afrika Mashariki ina fundisho ambalo ulimwengu umelichukua kutoka kwetu. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefika Mbale, mashariki mwa Uganda, mwaka 2000 kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE, alitoa mwaka 2005 hesabu ya watoto 300 aliowatibu. Kwa takriban asilimia 60 chanzo kilikuwa maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza watoto 100 wa hapohapo Uganda waligundua bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye hakuwa akishukiwa. Kwa mzazi wa Muleba, ajifungue Rubya, Ndolage au kwenye zahanati ya kijijini, maana yake ni hii: mtoto mchanga mwenye homa, au aliyepoa kupita kiasi, asiyenyonya au anayekakamaa, ni mgonjwa wa dharura siku hiyohiyo. Akipona, kichwa chake kipimwe kila mwezi, kwa sababu maji huanza kujaa baada ya homa kusahaulika.

Sehemu nyingine hutokana na mgongo wazi, nao hupungua mama akipata asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, kwa kuwa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Tanzania huongeza kirutubishi hicho kwenye unga wa viwandani. Lakini Kagera chakula chetu ni ndizi, na hakuna kiwanda kinachoongeza kitu ndani ya ndizi. Maharage tunayochanganya nazo yanasaidia, ila hayatoshi kuwa kinga. Binti anayepanga kuzaa anahitaji vidonge.

Tiba ipo, na ni ya upasuaji. Njia ya zamani ni mpira mwembamba unaoanzia ubongoni, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, mpaka tumboni ambako maji hunywewa. Ndani yake mna vali ya kuyazuia yasirudi. Mmoja wa walioiboresha vali hiyo ni mwandishi Roald Dahl, aliyeishi Dar es Salaam akiwa kijana mfanyakazi wa Shell kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mwanawe Theo aligongwa na teksi jijini New York mwaka 1960, maji yakajaa ubongoni, na mpira ukawa unaziba mara kwa mara. Dahl alimtafuta fundi wa mitambo ya maji, Stanley Wade, na daktari Kenneth Till, wakatengeneza vali yao. Njia ya pili ni ile ambayo Warf aliiendeleza Mbale: kutoboa kijia kipya ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya chemchemi, bila kuacha mpira ndani. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017, watoto 100 wa Mbale waligawanywa kati ya njia hizo mbili, na baada ya mwaka mmoja maendeleo ya akili hayakuonyesha tofauti kubwa. Mwenye mpira ajue kwamba ukiziba, dalili zilezile hurudi, na hapo anatakiwa hospitalini bila kulala.

Tiba hiyo humkinga mtoto na hasara ya kesho. Ubongo uliokwisha kuharibika haurudishiki. Kutoka Bukoba, Mwanza ni mwendo wa usiku mzima majini, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Siku za safari haziepukiki. Siku za kusubiri kichwa kiwe kikubwa zinaepukika.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kuna mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kliniki ijayo muombe muuguzi ampime kichwa anapompima uzito, na namba hiyo iandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe. Mwezi unaofuata kichwa kipimwe tena.