Jeraha la Konea na Hesabu za Mwanga

Ngozi iliyokatwa ikishapona, hakuna anayeuliza kovu lake linapitisha mwanga kiasi gani. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni ya jicho, haisamehewi namna hiyo, maana kovu dogo katikati yake laweza kumwondolea mtu uwezo wa kusoma. Unene wake hapo katikati ni kama nusu milimita, na takriban sehemu tisa kati ya kumi za unene huo ni tabaka la nyuzi za kolajeni, kolajeni ileile inayojenga kano na sehemu nyeupe ya jicho. Kwa nini basi hapa iwe angavu na kule iwe nyeupe? Historia ya swali hili kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa wanafizikia walioichunguza konea nzima, isiyo na dosari. Kwa maoni yangu, konea iliyoumia, iliyovimba au iliyokuwa ikipona imefundisha mengi zaidi, kwa sababu ndiyo iliyozilazimisha nadharia zitoe hesabu zinazoweza kupimwa.

Mwaka 1957 David Maurice, akiwa London, alieleza kwamba kila uzi hutawanya mwanga kidogo, lakini nyuzi zina unene sawa na zimepangwa kwa nafasi sawa, hivyo mawimbi yanayokwenda pembeni hufutana na yale yanayokwenda mbele hubaki. Maelezo hayo yalikuwa safi mno. Mwaka 1967 Goldman na Benedek walichunguza konea ya papa, wakaonyesha kwamba ina sehemu ambayo nyuzi zake zimekaa ovyo na bado inapitisha mwanga. Miaka miwili baadaye Hart na Farrell walipima nafasi kati ya uzi na uzi katika picha za darubini ya elektroni, wakakuta kwamba mpangilio hauhitaji kuwa kamili: inatosha kila uzi uwe na utaratibu na majirani zake wa karibu. Hata hivyo, kueleza kilichokwisha kujulikana kuwa ni angavu ni kazi rahisi kuliko kubashiri kitakachoharibika. Konea inapovimba, kati ya nyuzi hutokea vidimbwi visivyo na uzi wowote. Mwaka 1973 Farrell, McCally na Tatham walipima konea za sungura kwa rangi mbalimbali za mwanga. Katika konea nzima mtawanyiko ulifuata kinyume cha kipeo cha tatu cha urefu wa wimbi, yaani urefu ukiongezwa maradufu, mtawanyiko unashuka hadi sehemu moja ya nane. Zilizovimba ziliongeza mtawanyiko wa aina nyingine, unaofuata kinyume cha kipeo cha pili, kama vidimbwi vilivyotarajiwa kufanya. Sasa nadharia ilikuwa na alama yake ya kutambulika.

Makovu yalileta utata zaidi. Huko Boston, Charles Cintron na wenzake waliwafuatilia sungura waliojeruhiwa konea hadi ndani, na wakaona kovu jeupe likirudi taratibu kwenye uangavu, kwa muda wa mwaka na zaidi. Kovu changa lilikuwa na nyuzi zisizolingana, na pia lilipungukiwa na protini zenye minyororo ya sukari ambazo kwa kawaida huziweka nyuzi katika nafasi zake. Hadi hapo Maurice angeridhika. Lakini leza ilipoanza kutumika kuchonga uso wa konea ili watu waache miwani, miezi ya mwanzo baada ya kuchongwa ilileta ukungu ambao mpangilio wa nyuzi pekee haukutosha kuueleza. Mwaka 1999 James Jester na wenzake, kwa darubini inayopima mwanga unaorudi kutoka kila kina cha konea hai, waliuona mng'ao ukitoka kwenye seli zenyewe, zile zinazohamia jerahani kulikarabati. Seli hizo zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya vimeng'enya ambavyo katika konea tulivu hujaa tele, nao wakapendekeza kwamba upungufu huo ndio chanzo cha mng'ao.

Mtu aweza kupinga kwamba kupungua kwa vimeng'enya si ushahidi wa chanzo, maana seli hizo pia hubadilika umbo na ukubwa, na hilo peke yake laweza kutawanya mwanga. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halirudishi lawama kwa nyuzi. Pingamizi zito zaidi latoka kliniki: daktari amekuwa akiupa ukungu alama kuanzia 0 hadi 4 kwa jicho lake, na wagonjwa wanahudumiwa, basi hesabu zote hizi za nini? Tatizo ni kwamba daktari huuona mwanga unaomrudia yeye, ilhali unaomsumbua mgonjwa ni ule unaotawanyika kwenda mbele hadi kwenye retina, ukaleta mng'aro wa taa za magari usiku. Viwili hivyo haviendi sambamba: chembe ndogo hutawanya pande zote karibu kwa usawa, kubwa husukuma zaidi mbele. Kwa hiyo konea yaweza kupewa alama 1 na mwenye jicho akalalamika kwa haki, na darubini ya Jester, kwa umakini wake wote, nayo hupokea mwanga unaorudi tu.